Wontoni za kukaanga nyumbani: kavu, nyepesi na zenye mlio

Anayejua kufunga sambusa tayari ana nusu ya ujuzi wa wontoni, vile vifurushi vidogo vya Kichina vya manda yenye nyama ndani. Nusu iliyobaki ndiyo inayowaangusha wengi. Manda ya sambusa hupashwa juu ya chuma kabla ya kukatwa na kufungwa, lakini ya wontoni hufungwa ikiwa mbichi. Nyama ya sambusa huingia ikiwa imeiva na kukaushwa, ilhali ya wontoni huingia mbichi. Maana yake ni kwamba maji yote yaliyomo kwenye manda na sehemu ya maji ya nyama yanatakiwa yatoke ndani ya karai, kwa dakika tatu hivi. Ukiyapunguza mapema, kwenye unga, kwenye kamba wa baharini wanaojazwa ndani na kwenye kidole unacholowanisha ukingo, mafuta yatamaliza kazi. Ukiyaacha, manda italainika kabla sahani haijafika mezani.

Huko Guangdong na Hong Kong, wontoni nyingi huliwa kwenye supu pamoja na tambi. Za kukaanga hufungwa kwa namna nyingine: nyama kidogo, manda nyingi inayoning'inia, na sosi tamu yenye uchachu pembeni. Wa supu hujaza, wa kukaanga hubana mkono.

Vipimo vya hapa vinatoa wontoni 36 hadi 40, zinazotosha watu wanane kama kitafunio.

Manda

- Unga mweupe wa ngano gramu 250
- Yai 1 kubwa
- Maji mililita 70, na mengine 10 ya akiba
- Chumvi nusu kijiko cha chai
- Wanga wa mahindi, yaani konfulawa, kikombe kimoja cha kunyunyizia

Tumia unga wa kawaida wa chapati. Unga uliokwisha kutiwa bekingi pauda haufai hata kidogo, maana manda huumuka ndani ya mafuta, hunywa mafuta, na hukosa ule wembamba unaovunjika.

Weka unga na chumvi kwenye bakuli, piga yai pamoja na maji mililita 70, kisha mimina kidogo kidogo huku ukikoroga kwa vidole hadi upate chenga chenga. Zikusanye na ukande. Unga huu ni mkavu kuliko wa chapati, tena kwa kiasi kikubwa, na dakika tatu za mwanzo utahisi kama hautashikamana kabisa. Usikimbilie maji. Kama baada ya dakika tatu bado kuna unga mkavu chini ya bakuli, lowanisha mikono tu na uendelee. Akiba ya mililita 10 ni kwa unga mkaidi. Kanda dakika nane, funika kwa bakuli lililopinduliwa au mfuko, acha nusu saa. Kanda tena dakika mbili, sasa utaona umelainika wenyewe, kisha uache nusu saa nyingine. Mapumziko hayo mawili si ya hiari. Unga usiopumzika hurudi nyuma kila unaposukumwa, na manda inayorudi nyuma huwa nene.

Gawa madonge manne. Sukuma moja, mengine yabaki yamefunikwa. Nyunyizia konfulawa kwenye kibao, si unga wa ngano. Unga wa ngano hunywewa na manda na kuifanya ngumu, konfulawa hubaki juu na kuzuia manda zisigandane. Sukuma ukizungusha robo duara kila mara, hadi uone kivuli cha vidole vyako kupitia manda. Unene unaotakiwa ni chini kidogo ya milimita moja. Mashine ya tambi ikiwapo, pitisha hadi namba ya pili kabla ya ile nyembamba kuliko zote.

Kata miraba ya sentimita 8 hadi 9. Panga juu ya nyingine ukinyunyiza konfulawa katikati, na ufunike kwa kitambaa kilicholoanishwa na kukamuliwa hadi kisidondoshe tone. Mabaki ya pembeni usiyatupe: kata vijiti vya kupimia joto la mafuta.

Wapishi wa Guangdong hutia unga wao maji ya magadi kidogo. Ndiyo yanayoipa manda rangi ya njano, ukakamavu, na yale malengelenge madogo ya juu. Ukipenda kuyatengeneza nyumbani, tandaza bekingi soda kwenye trei, ioke saa moja kwa nyuzi 130, kisha robo kijiko cha chai tu iyeyushwe kwenye maji ya kukandia. Tahadhari moja: manda yenye magadi hubadilika rangi upesi kwenye mafuta, basi punguza moto kidogo. Kwa mara ya kwanza ningeshauri uyaache.

Ukinunua manda

Maduka makubwa ya mijini huuza manda za wontoni kwenye friza. Zihamishie kwenye friji usiku kucha zikiwa ndani ya pakiti iliyofungwa, na usiifungue mpaka zimelainika kabisa. Ukiifungua zikiwa za baridi kali, hewa huacha umande juu yake na manda zote hugandana kuwa donge moja ambalo hakuna wa kulibandua.

Manda za sambusa au za rolo (spring roll) zinaweza kukatwa miraba na kutumika, matokeo si mabaya, ila kumbuka zimekwisha pata moto. Maji peke yake hayatazifunga. Zinataka gundi ya unga na maji, kama ya sambusa, na nyama yake afadhali iwe imeiva kwa kuwa manda zenyewe hukauka haraka kuliko nyama mbichi inavyoiva.

Nyama ya ndani

- Kamba waliomenywa na kutolewa uzi wa mgongoni, gramu 180 (wakiwa na vichwa nunua kama gramu 350)
- Paja la kuku lililosagwa, gramu 120
- Vitunguu majani viwili, vimekatwa vidogo sana
- Tangawizi iliyoparuzwa, kijiko 1 cha chai
- Sosi ya soya, vijiko 2 vya chai
- Mafuta ya ufuta, kijiko 1 cha chai
- Sukari nusu kijiko cha chai, pilipili manga robo kijiko
- Konfulawa vijiko 2 vya chai
- Ute mweupe wa yai, kijiko 1 cha chakula
- Chumvi, robo kijiko cha chai

Kule China nyama inayoambatana na kamba kwa kawaida ni ya nguruwe, kwa sababu ya mafuta yake. Paja la kuku ndilo linalokaribia. Kidari hutoa nyama kavu, ya kusagika kama unga mdomoni.

Kamba wana kazi yao peke yao. Wasugue kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi na robo kijiko cha bekingi soda, waache kwenye friji dakika 15, wasuuze kwa maji mengi ya baridi, halafu wakaushe kwa taulo safi. Wakaushe kweli: bana, badilisha taulo, bana tena. Bekingi soda huwafanya wawe na ule ukinzani wa kuumwa, usipoisuuza vizuri huacha ladha ya sabuni, na maji ya kusuuzia yakibaki yatageuka mvuke ndani ya manda na kuipasua. Katakata nusu yao hadi walainike kama uji mzito, nusu nyingine wabaki vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi.

Changanya kamba waliolainika, kuku, chumvi na sosi ya soya kwanza. Koroga kwa kuelekea upande mmoja, kwa nguvu, dakika mbili au tatu, mpaka mchanganyiko unate na kuacha nyuzinyuzi pembeni mwa bakuli. Chumvi ndiyo inayovuta protini za nyama zitoke na kushikana, na nyama iliyoshikana hushikilia maji yake badala ya kuyamwaga kwenye manda. Ndiyo sababu chumvi huingia mapema na mafuta ya ufuta huingia mwishoni, maana mafuta yakitangulia nyama haishikani. Kisha tia ute wa yai, konfulawa, sukari, tangawizi, pilipili manga, vipande vya kamba, na mwisho vitunguu majani na mafuta ya ufuta. Rudisha kwenye friji nusu saa.

Kaanga kijiko kimoja kidogo kwenye kikaango uonje chumvi kabla ya kufunga. Nyama mbichi haionjwi, na ikishafungwa ndani ya manda 40 hakuna marekebisho.

Kitunguu maji kibichi hakina nafasi hapa, hutoa maji tangu dakika kinapokutana na chumvi. Ukitaka kabichi au karoti, zikate nyembamba, zitie chumvi kidogo, ziache robo saa, zikamue kwa ngumi hadi zisitoe tone, na zisizidi robo ya uzito wa nyama.

Anayependa kima ya ng'ombe afanye kama ya sambusa: iive bila mafuta, ikauke, ipoe kabisa. Ikifungwa ya moto hutoa jasho na manda hulowa kutokea ndani.

Ipo pia ile ya Kimarekani ya kaa na jibini laini la kupaka, *crab rangoon*, iliyopata umaarufu kupitia migahawa ya Trader Vic's ya California katika miaka ya 1950. China hawaijui kama chakula chao. Kwa watu wa pwani wenye kaa wazuri ni tamu mno: jibini gramu 200, nyama ya kaa iliyochemshwa na kukamuliwa gramu 100, vitunguu majani, tone la sosi ya soya. Jibini huyeyuka kabla manda haijapata rangi, kwa hiyo zikishafungwa ziingie friza nusu saa kabla ya kukaangwa, na nyama kwa manda moja isizidi kijiko cha chai kilichosawazishwa.

Kufunga

Fanya manda sita kwa wakati mmoja, zilizobaki zisikae wazi.

1. Weka manda kona moja ikuelekee. Pangusa konfulawa iliyozidi kwenye kingo kwa brashi kavu au kwa kidole. Ukingo wenye vumbi haushiki.
2. Weka nyama katikati, gramu 7 au 8. Hiki ni kijiko cha chai kisichojaa. Kitaonekana kidogo. Kiache hivyo hivyo.
3. Chovya ncha ya kidole kwenye maji, ipanguse ukingoni mwa bakuli, pitisha kwenye kingo mbili tu zinazokutana. Manda ing'ae, isiteleze.
4. Kunja iwe pembetatu. Anza kubana pale nyama inapoishia, ukisukuma hewa kuelekea nje, ndipo ufunge ukingo. Ukianza na ukingo umeifungia hewa ndani.
5. Iache pembetatu, au vuta kona mbili za chini zikutane upande mmoja, tia tone la maji, bana kwa nguvu.

Umbo la hatua ya mwisho linapendeza machoni lakini lina mtego: pale kona zinapokutana manda huwa tabaka nne. Zisipobanwa hadi zikawa nyembamba, sehemu hiyo hubaki mbichi na ya kutafuna wakati nyingine zimeshakuwa kahawia. Kwa manda za kusukuma kwa mkono, ambazo aghalabu ni nene kidogo, pembetatu ni salama zaidi. Wengine huikusanya manda juu ya nyama kama kifuko, wakabana shingoni na kuacha pindo zikitawanyika. Hiyo ndiyo yenye mlio kuliko zote kwa sababu pindo ni manda tupu. Inataka manda nyembamba kabisa.

Zipange kwenye trei iliyonyunyizwa konfulawa, zisigusane. Zikaangwe ndani ya nusu saa. Zikikaa zaidi kwenye joto la kawaida chini hulowa na kunata, na ukizinyanyua hutoboka.

Kukaanga

Karai ni bora kuliko sufuria kwa sababu mafuta huwa na kina katikati na nafasi ya kutanuka juu. Tia lita moja hadi moja na nusu ya mafuta ya alizeti au mengine yasiyo na harufu, kina kisipungue sentimita 6, na karai lisijae zaidi ya nusu. Weka mfuniko karibu. Mafuta yakishika moto, zima jiko na ufunike. Maji hayamwagwi juu ya mafuta yanayowaka, hata kikombe.

Joto linalotakiwa ni nyuzi 165 hadi 175. Bila kipimajoto, dondosha kijiti kimoja cha yale mabaki ya manda. Kikizama na kulala chini, mafuta bado. Kikiruka juu papo hapo na kuwa kahawia ndani ya sekunde kumi, yamezidi. Kinatakiwa kizame kidogo, kielee juu baada ya sekunde mbili tatu kikizungukwa na mapovu madogo, na kipate rangi ya dhahabu kwa nusu dakika hivi. Kwenye jiko la mkaa ambako moto haupungui kwa kitufe, weka kikombe cha mafuta baridi pembeni: kikombe nusu hushusha joto mara moja.

Tikisa konfulawa, kisha tia wontoni sita hadi nane, moja moja, ukizitelezesha pembeni mwa karai. Sekunde 20 za mwanzo usiziguse, halafu zigeuze na kuzimwagia mafuta juu kwa upawa. Dakika mbili na nusu hadi tatu na nusu zinatosha.

Sikiliza pia. Mwanzoni mapovu ni makubwa na sauti ni ya fujo, kwani maji yanatoka. Mapovu yakipungua na sauti ikawa nyembamba, maji ya manda yamekwisha. Rangi peke yake hudanganya, hasa mafuta yakiwa ya moto mno: nje dhahabu, ndani tepetepe. Epua zikiwa rangi ya dhahabu hafifu, kwa sababu huendelea kuiva nje ya mafuta. Ile ya kwanza ikate katikati. Kamba wawe weupe wenye wekundu wa mbali, kuku asiwe na rangi ya waridi. Kama una kipimajoto cha nyama, nyuzi 74 katikati.

Ziweke juu ya wavu wenye nafasi chini, kwa tabaka moja. Karatasi ya jikoni hunyonya mafuta, ni kweli, lakini hufungia mvuke chini ya wontoni na upande mmoja hulainika. Kuzirundika kwenye bakuli la kina na kuzifunika ili zisipoe ndiko kunakoharibu kazi ya jioni nzima.

Kwa shughuli yenye wageni, zikaange zote mara ya kwanza mapema, zipoe kwenye wavu, na wageni wakishakaa zirudishe kwenye mafuta ya nyuzi 180 kwa sekunde 30 hadi 40. Mara ya pili huondoa unyevu uliorudi kwenye manda kutoka kwenye nyama. Mapumziko kati ya mara mbili yasizidi saa moja. Zaidi ya hapo ziwe ndani ya friji.

Konfulawa inayodondoka huungua chini ya karai na kuacha madoadoa meusi kwenye mikupuo ya mwisho. Pitisha chujio laini kila baada ya mikupuo miwili. Na mafuta yaliyokaanga kamba, yakichujwa na kuhifadhiwa, yatumike kwa samaki. Mandazi ya asubuhi yatayakataa.

Zikikataa

Zimepasuka: hewa ndani, nyama nyingi, au kamba hawakukaushwa. Zikifunguka ukingoni bila kupasuka, kosa ni konfulawa kwenye kingo au maji mengi ya kufungia.

Zimenyonya mafuta: joto lilishuka. Mara nyingi ni kwa kujaza karai. Subiri mafuta yarudi kwenye joto kabla ya mkupuo unaofuata, hata kama wageni wanagonga mlango.

Ni ngumu, zinaumiza meno: manda nene. Hapa mafuta hayana la kufanya.

Zimelainika haraka ingawa rangi ilikuwa nzuri: moto ulikuwa mkali, rangi ikafika kabla ya maji kutoka. Punguza nyuzi kumi na ongeza nusu dakika.

Sosi

Chemsha mililita 100 za maji, vijiko vinne vya chakula vya siki, vinne vya sukari, vitatu vya sosi ya nyanya ya chupa na kimoja cha chai cha sosi ya soya. Ikichemka, koroga vijiko viwili vya chai vya konfulawa kwenye kijiko kimoja cha maji baridi, mimina ukikoroga, iache dakika moja ing'ae. Vipande vya nanasi vinaingia wakati huo. Chatini ya ukwaju yenye pilipili inafaa vilevile, na kwa ile ya kaa na jibini mimi naiona bora. Sosi yoyote iwe kwenye kibakuli chake; usiimwage juu.

Kuhifadhi

Mbichi hazikai kwenye friji zaidi ya saa mbili tatu. Mahali pake ni friza: zipange kwenye trei zisigusane, zigande saa mbili, ndipo zitiwe mfukoni, hewa ikitolewa. Ndani ya mwezi mmoja ladha bado iko sawa, hivyo anayeandaa sambusa za futari wiki moja kabla ya Ramadhani anaweza kuzifunga siku hiyo hiyo. Zikaangwe zikiwa zimeganda, bila kuyeyushwa, kwa nyuzi 160, dakika nne hadi tano, chache kwa mkupuo. Pangusa barafu iliyoshika juu, maana ikigusa mafuta huruka.

Zilizokwisha kaangwa zikabaki, hurudishwa kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika sita hadi nane juu ya wavu, au kikaango cha hewa cha nyuzi 170 kwa dakika nne. Maikrowevu huzigeuza kuwa mpira.